Ingobyi na Hospitali: Tiba na Umbali katika Historia ya Rwanda

Katika vilima vya Rwanda, mgonjwa asiyeweza kutembea alibebwa na majirani zake. Chombo alichobebewa kilisukwa kwa mianzi au matete, kikafungwa kwenye miti miwili, nacho kikachukuliwa mabegani na wanaume wanne waliopokezana njiani na wengine wanne. Kwa Kinyarwanda kinaitwa ingobyi. Jina hilo hilo ndilo la ngozi ambayo mama humbebea mtoto mgongoni, yaani ile ambayo Waswahili wa pwani huiita mbeleko. Kwa hiyo mtu aliingia katika ingobyi mara mbili: alipokuwa hajaweza kutembea, na alipokuwa hawezi tena.

Msomaji wa Kongo anakijua chombo hiki kwa sura nyingine. Enzi za Wabelgiji, tipoyi ilikuwa kiti cha mkuu wa wilaya, nao walioibeba hawakuulizwa kama wanataka. Katika Rwanda vilevile Mwami na watemi wakubwa walisafiri juu ya mabega ya watu. Tofauti kati ya machela ya mtawala na machela ya mgonjwa haimo katika ufundi wa kusuka, bali katika mapatano. Ili kuwabeba wagonjwa, kaya za kilima kimoja ziliunda chama: kila kaya ilitoa mchango wake na mtu wake wa zamu, na aliyekosa zamu bila sababu alitozwa faini. Aliyekataa kuwabeba wa wenzake alijua kwamba siku yake ikifika hatapata wa kumbeba.

Historia ya hospitali za nchi hii ndogo, yenye kilomita za mraba 26,338 na ambayo hata katika sensa ya 2022 zaidi ya watu 7 kati ya 10 walikuwa wakiishi vijijini, kwa kawaida huandikwa kama orodha ya majengo na wafadhili wake. Lakini jengo ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni njia inayoishia mlangoni pake: nani anambeba mgonjwa, kwa gharama ya nani, na akifika atapokewa vipi.

Kabla ya kuja kwa Wazungu, umbali huo haukuwa mkubwa hivyo. Mpfumu, yaani mpiga ramli, na mjuzi wa mizizi na majani waliishi kilima hicho hicho au cha jirani, na mara nyingi waliitwa nyumbani kwa mgonjwa. Ugonjwa ulikuwa jambo la ukoo mzima, na ibada ya Ryangombe iliwakusanya jamaa wote. Hospitali iligeuza mwelekeo wa safari. Tangu ilipokuja, si mjuzi aendaye kwa mgonjwa, bali mgonjwa ndiye aendaye kwa mjuzi.

Mapadri Weupe walifika Save mwaka wa 1900, wakaanzisha Kabgayi mwaka wa 1906, na watawa wa kike wakawafuata mwaka wa 1909. Waprotestanti wa Bethel, Wajerumani, walifika mwaka wa 1907 wakajenga Kirinda. Mwaka huo huo Richard Kandt, ambaye mwenyewe alikuwa daktari, alianzisha makao ya utawala wa Kijerumani huko Kigali. Misheni zote zilikuwa na sanduku la dawa, lakini dawa zilikuwa chache na wahitaji walikuwa wengi.

Hapa lugha inatoa ushahidi ambao kumbukumbu za serikali haziutoi. Mtu aliyetoa dawa hizo za kigeni hakupewa jina la Kinyarwanda la mtabibu wa jadi. Aliitwa umuganga, neno lililoingia pamoja na Kiswahili cha askari, wachukuzi na wafanya biashara. Hadi leo Mnyarwanda akisema muganga anamkusudia mtu wa hospitali. Katika Kiswahili cha Kongo pia, munganga ni daktari mwenye koti jeupe. Pwani, kinyume chake, mganga ameachiwa mitishamba na hirizi huku daktari akichukua hospitali, ingawa serikali ya Tanzania inaye Mganga Mkuu mpaka leo, kama kwamba maana ya zamani imekataa kuhama ofisini. Neno moja, basi, lilisafiri kutoka pwani hadi Maziwa Makuu, na lilipofika bara lilikabidhiwa kazi mpya. Inaonekana kwamba wenyeji waliona mapema kuwa tiba hii ni kitu kingine, wala si aina nyingine ya tiba yao.

Wabelgiji waliiteka nchi mwaka wa 1916 wakitokea Kongo, na mwaka wa 1925 Ruanda-Urundi iliunganishwa kiutawala na Kongo ya Wabelgiji. Kilichowavuta watu kwenye zahanati zao hakikuwa mahubiri wala amri bali buba. Vidonda vya ugonjwa huo viliwatesa watoto na watu wazima katika kila kilima, na sindano za dawa mpya zenye arseniki zilivikausha kwa siku chache mbele ya macho ya wote. Imani katika sindano ilizaliwa hapo, nayo ilikuwa na nguvu kuliko imani katika hospitali yenyewe. Wauguzi wa vizazi vilivyofuata wamelalamika kwamba mgonjwa aliyepewa vidonge tu hurudi nyumbani akiona hakutibiwa.

Kati ya hospitali za wakati ule, Gahini yastahili kuangaliwa kwa makini zaidi. Iko mashariki, kando ya ziwa Muhazi, katika sehemu ambayo Waingereza waliishika kwa muda mfupi kwa sababu ya ndoto ya reli kutoka Rasi hadi Kairo, kisha wakairudisha mwaka wa 1924. Wamisionari Waanglikana waliokuwa wamejenga hospitali Kabale, Uganda, walivuka mpaka wakaanzisha kituo cha Gahini mwaka wa 1925, na daktari Joe Church akafika mwaka wa 1928. Alikuta njaa. Njaa ya Rwakayihura ya 1928 na 1929 iliwafikisha mlangoni pa hospitali watu ambao ugonjwa wao ulikuwa kukosa chakula, na wengi walikufa njiani wakielekea Uganda. Hospitali ndogo iliyokusudiwa kwa upasuaji na homa ikawa jiko na makaburi.

Kutoka katika taabu hiyo kulitokea jambo ambalo hakuna aliyelipanga. Wafanyakazi wa hospitali, wakiongozwa na Yosiya Kinuka, aliyekuwa mkuu wa wauguzi, walikuwa na chuki na manung'uniko dhidi ya daktari na baina yao wenyewe. Katika kuungama hayo hadharani palianza mwamko wa dini uliovuka hadi Uganda, Kenya na Tanganyika katika miaka ya 1930. Wanahistoria wa dini wameandika mengi juu ya mwamko huo. Wanahistoria wa tiba wameandika machache, ijapokuwa ulianza na swali la hospitali hasa: je, anayeosha vidonda na anayemwamuru kuviosha ni ndugu?

Serikali ya kikoloni ililijibu swali hilo kwa ngazi. Shule ya Astrida, iliyofunguliwa na Mabradha wa Upendo mwaka wa 1932, ilifundisha wasaidizi wa matabibu pamoja na makarani na watumishi wa kilimo na mifugo. Vijana hao walijifunza kwa miaka mingi, wakaweza kupasua na kuzalisha, ila hawakuitwa daktari wala kulipwa kama daktari. Waliochaguliwa kuingia shuleni walikuwa hasa wana wa Watutsi wenye vyeo, kufuatana na siasa ya Wabelgiji ya kutawala kwa mkono wa tabaka moja. Hivyo koti jeupe lenyewe lilianza kuvaliwa kwa sharti la kabila, na jambo hilo halikusahauliwa.

Baada ya vita vya pili majengo yaliongezeka upesi. Fuko la Ustawi wa Wenyeji, lililoundwa mwaka wa 1947 kwa ajili ya Kongo na Ruanda-Urundi, lilijenga zahanati na nyumba za uzazi vijijini. Makampuni ya madini nayo yalikuwa na hospitali zao, kama ile ya Rwinkwavu. Barabara zilizofika huko zilichimbwa kwa kazi ya shuruti, kwa hiyo wengi waliobebwa hadi hospitalini walipita juu ya njia ambayo wao au baba zao walikuwa wameilipia kwa jasho.

Uhuru ulikuja mwaka wa 1962. Chuo Kikuu cha Taifa kilifunguliwa Butare, Astrida ya zamani, mwezi wa Novemba 1963, na udaktari ulikuwa miongoni mwa masomo yake ya kwanza. Kwa nchi maskini uamuzi huo ulikuwa wa ujasiri. Hata hivyo madaktari waliohitimu walikaa mijini, na vijijini palibaki muuguzi mmoja na kabati la dawa lisilojaa. Mwaka wa 1986 serikali ilipima damu za watu katika nchi nzima ili kujua kiasi cha virusi vya ukimwi, jambo ambalo nchi nyingi zilikuwa bado hazijathubutu kulifanya. Ilipatikana kwamba mijini walioambukizwa walikuwa asilimia 17.8 na vijijini asilimia 1.3. Takwimu hizo mbili zaonyesha kwamba mji na kilima vilikuwa nchi mbili. Umbali ule ule uliowanyima wanakijiji daktari uliwakinga kwa muda na ugonjwa.

Kisha ukaja mwaka wa 1994.

Tangu zamani hospitali ilihesabiwa, pamoja na kanisa, kuwa mahali ambapo mtu hafuatwi. Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi imani hiyo iligeuzwa kuwa mtego. Huko Mugonero, juu ya ziwa Kivu, maelfu walikimbilia hospitali na kanisa la Waadventista, wakashambuliwa tarehe 16 Aprili. Mahakama ya kimataifa ya Arusha iliwahukumu mwezi wa Februari 2003 daktari wa hospitali hiyo na baba yake, ambaye alikuwa mchungaji. Katika hospitali ya chuo kikuu huko Butare, askari na wanamgambo waliwatoa wagonjwa vitandani tarehe 22 na 23 Aprili. Waliouawa walikuwa wagonjwa wapatao 150 pamoja na wauguzi wa Kinyarwanda, nao madaktari wa kigeni waliokuwa wakifanya kazi hapo wakaondoka kwa kuwa hapakuwa tena na mgonjwa ambaye wangemtibu bila kumkabidhi kwa wauaji. Katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Ndera, waliokuwa wamejificha waliuawa baada ya wageni kuondolewa kwa magari ya jeshi.

Si kila mahali ilikuwa hivyo. Kigali, Msalaba Mwekundu ulifungua hospitali ya dharura ambayo ilitibu maelfu ya majeruhi wakati mji unapigwa makombora. Lakini kwa mtazamo wa historia ya hospitali, msiba wa Butare na Mugonero ni mzito kuliko hesabu ya vitanda vilivyoharibiwa. Wafanyakazi waliosomea kuponya walitoa majina ya wenzao. Daftari la wagonjwa, lililokuwa chombo cha tiba, likawa orodha. Ni vigumu kufikiri namna mtu angeweza kubebwa tena mpaka mlango huo.

Mwezi wa Julai watu zaidi ya milioni moja walivuka mpaka. Wakazi wa Goma na Bukavu hawahitaji kusimuliwa kipindupindu cha wakati ule. Katika mwezi wa kwanza wakimbizi wapatao 50,000 walikufa kandokando ya Goma, juu ya mwamba wa volkano ambamo hata kaburi halikuchimbika. Kati ya waliovuka walikuwamo wauguzi na madaktari wengi, baadhi wakiwa na damu mikononi na baadhi wakiwa hawana. Waliobaki nyumbani walikuwa wachache mno.

Kinyarwanda kilipata wakati huo neno ihahamuka, ambalo lahusishwa na mapafu na kukatika kwa pumzi, kwa ajili ya ugonjwa usiokuwa na jina hapo awali: mtu aliyenusurika huanza ghafla kukimbia, kulia na kushindwa kuvuta hewa. Hospitali ya Ndera, ambayo yenyewe ilikuwa mahali pa mauaji, ndiyo iliyopaswa kuwapokea wagonjwa hao.

Tiba iliyotolewa bure wakati wa dharura ilianza kulipiwa tena mwaka wa 1996, na matokeo yake yalionekana mara moja. Kufikia 1999, kwa wastani Mnyarwanda alifika kwenye kituo cha afya mara moja tu katika miaka minne hivi. Ilijulikana pande zote mbili za Ruzizi kwamba mgonjwa aliyepona angeweza kuzuiliwa wodini hadi ndugu zake wauze mbuzi au shamba.

Jibu lililotafutwa halikuwa geni kwa wenyeji, wala halikuwa geni kwa Kongo. Hospitali ya Bwamanda, huko Ekwatori, ilikuwa imeanzisha mwaka wa 1986 bima ya wanakijiji ambayo ilijulikana mbali. Nchini Rwanda, tarehe 1 Julai 1999, vyama vya namna hiyo vilianza kwa majaribio katika wilaya tatu za afya, yaani Byumba, Kabgayi na Kabutare. Familia ya watu wasiozidi saba ilitoa faranga 2,500 kwa mwaka. Mwaka wa kwanza ulipokwisha, waliojiunga hawakufika hata mmoja kati ya kumi, ila walioingia walikwenda kutibiwa mara kadhaa zaidi kuliko majirani zao wasiolipa. Wengi walieleza kwamba mitueli, kama watu waiitavyo, si kitu kingine ila ingobyi ya fedha: natoa leo nikiwa mzima ili nibebwe kesho.

Mfano huo ni mzuri, lakini una mipaka yake, na watawala hawakupenda kuitazama. Ingobyi ilikuwa ya watu wanaojuana sura. Mitueli ilipopanuliwa nchi nzima katikati ya miaka ya 2000 na kufanywa lazima kwa sheria, ilikuwa imekwisha kuwa mali ya serikali. Mchango uliwekwa kuwa faranga 1,000 kwa kila mtu, na tangu 2011 ukagawanywa kwa matabaka: 2,000 kwa maskini sana, ambao walilipiwa, 3,000 kwa walio wengi, na 7,000 kwa wenye nacho. Viongozi wa vijiji walipimwa kwa asilimia ya waliolipa, na baadhi yao walitumia shuruti. Hospitali, kwa upande wao, zilisubiri malipo ya mifuko iliyokauka, mpaka kazi hiyo ilipohamishiwa kwa shirika la taifa la hifadhi ya jamii mwaka wa 2015. Asiyelipa katika ingobyi aliona haya mbele ya jirani, lakini asiyelipa mitueli alimwogopa ofisa. Hilo si badiliko dogo.

Hata hivyo mtu hawezi kuyakana matokeo. Mwaka wa 2000, wanawake waliojifungulia katika kituo cha tiba walikuwa takriban 27 kati ya 100. Kufikia uchunguzi wa 2014 na 2015 walikuwa 91. Akina mama waliokufa kwa sababu ya uzazi walipungua kutoka 1,071 kwa kila vizazi hai 100,000 hadi 210 katika kipindi hicho hicho. Bima haikufanya hayo peke yake. Washauri wa afya wa vijijini, wanaochaguliwa na majirani zao, waliongezeka hadi wapatao 45,000, nao ndio waliomfikia mja mzito kabla hajaanza kuumwa. Kwa maneno mengine, sehemu ya tiba ilirudi kutembea yenyewe kwenda kwa mgonjwa, kama ilivyokuwa kabla ya 1900.

Mageuzi ya utawala ya 2006 yaligawa nchi katika wilaya 30, na ikakusudiwa kila wilaya iwe na hospitali. Burera, kaskazini, chini ya milima ya volkano, ilikuwa na watu zaidi ya 300,000 bila hospitali ya maana. Hospitali ya Butaro ilifunguliwa huko mwezi wa Januari 2011. Kuta zake ni za mawe meusi ya volkano ambayo wakulima walikuwa wakiyatupa kando ya mashamba, nayo yalichongwa na mafundi wa kilima hicho hicho kwa ujira. Tangu 2012 hospitali hiyo inatibu saratani, na wagonjwa wa mjini husafiri kwenda kijijini kutafuta dawa. Rwinkwavu, ile hospitali ya zamani ya madini, ilikuwa imefufuliwa mwaka wa 2005.

Umbali kati ya mgonjwa na anayemtibu haukufutika, na kwa wanaofanya kazi humo ukaribu una bei yake. Homa ya Marburg ilipotangazwa mwishoni mwa Septemba 2024, iliingia kwanza katika hospitali kubwa za Kigali. Watu 66 waliugua na 15 wakafa kabla ya mlipuko kutangazwa umekwisha tarehe 20 Desemba, na wengi wao walikuwa wauguzi na madaktari walioambukizwa vitandani pa wagonjwa wao.

Gari la wagonjwa, kwa Kinyarwanda, linaitwa imbangukiragutabara, yaani lile linaloharakisha kuokoa. Lina namba ya simu, 912, na lina barabara zake. Lakini vilima vya Rwanda vina mteremko mkali, na nyumba nyingi ziko mahali ambapo gari halifiki. Huko wanaume wanne bado humteremsha mgonjwa katika ingobyi kupitia migomba mpaka ukingo wa barabara, ambapo gari hilo linasubiri.